Taili Zimeshabandikwa, Ndipo Kasoro Ikaonekana: Ufanye Nini?

Wasomaji wa Makongeni, Kiganjo na Ngoingwa hapa Thika, na wa kule Ruiru, wamekuwa wakiuliza jambo moja kwa njia nyingi. Mmoja ameweka taili sebuleni, na baada ya miezi michache uso wake umeanza kuchubuka. Mwingine amepaua nyumba ya kupangisha, na mabati yameshika kutu kabla rangi ya milango haijakauka vizuri. Wa tatu amepitisha mabomba ukutani, akapiga plasta, akapaka rangi, kisha ukuta ukaanza kulowa. Wote wanauliza: kitu kikishafungwa, bado nina haki, au imekula kwangu?

Hujapoteza haki. Ila haki uliyo nayo leo si ile uliyokuwa nayo bidhaa ilipokuwa bado kwenye boksi. Wengi hushindwa kwa kutojua hilo: wanaenda dukani kudai kurudisha mali ambayo tayari iko ukutani, muuzaji anacheka, nao wanarudi nyumbani.

Kilichobadilika baada ya kufunga

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze zenye ubora unaokubalika sokoni. Kama ulimweleza kazi unayotaka kuifanya, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, bidhaa inapaswa pia kuifaa kazi hiyo. Hayo yamo katika sehemu ya 16 ya sheria hiyo. Hayahitaji kuandikwa kwenye risiti wala kutamkwa na mtu.

Ukigundua kasoro kabla ya kutumia, unaweza kuikataa mali na kudai pesa zako. Ukishaibandika, sheria kwa kawaida inachukua kwamba umeipokea. Hapo mlango wa kurudisha unafungwa, lakini wa fidia unabaki wazi. Kwa hiyo usiende dukani kusema “chukueni taili zenu.” Nenda useme “mali yenu ilikuwa na kasoro, na hasara niliyoipata ni hii.”

Juu ya hiyo kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012, na juu ya zote kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kulipwa kwa hasara iliyoletwa na kasoro. Kifungu hicho ni kifupi na kinaeleweka. Kisome, kisha kinukuu kwenye barua yako.

Siku ya kwanza: usibomoe

Hasira ya kwanza humtuma mtu amwite fundi ang'oe kila kitu. Taili zikishavunjwa na kutupwa, ushahidi wako umekwenda na mkokoteni wa taka. Fanya hivi kwanza:

- Simamisha kazi iliyobaki. Ukiona kasoro kwenye chumba cha kwanza halafu ukaendelea na cha pili, hasara ya cha pili utaibeba mwenyewe.
- Piga picha na video mchana, kwa mbali na kwa karibu. Weka rula au sarafu kando ya ufa ili ukubwa wake uonekane. Usifute picha za awali kwenye simu hata kama umezituma WhatsApp, kwa sababu ile ya asili ndiyo yenye tarehe.
- Tafuta mabaki: boksi, mifuko ya simiti, kipande cha bati kilichokatwa, taili mbili zilizobaki, mkebe wa rangi wenye namba ya bechi. Mabaki ambayo hayajaguswa na fundi ndiyo shahidi wako mkubwa, maana hakuna atakayesema yaliharibiwa na ubandikaji.
- Kusanya karatasi: risiti, dilivari noti, kadi ya waranti, ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo na muuzaji.
- Andika kwenye daftari ni lini uliona nini.

Usalama tu ndio unaovunja kanuni hii. Waya zikipata moto, zima umeme kwenye mita na umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Slabu au nguzo ikipasuka, toa watu ndani kwanza, kisha piga ripoti kwa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, na kwa mhandisi wa kaunti. Picha zitapigwa baadaye.

Bidhaa au fundi?

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kushindwa. Duka litasema fundi ameharibu. Fundi ataapa kwamba mali ilikuwa mbovu. Wewe uko katikati na ukuta wako. Usichague upande kwa sababu fundi ni jirani au kwa sababu mwenye hadwea ni mkali. Soma dalili.

*Taili.* Gonga kwa sarafu. Zikitoa mlio wa uwazi chini, gundi haikuenea, na huyo ni fundi. Zikipasuka mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, tazama sakafu iliyo chini kabla ya kulaumu taili. Lakini uso ukichubuka, madoa yakitokea ndani ya taili zenyewe, au taili za boksi moja zikiwa na saizi tofauti, hilo ni la kiwandani. Rangi ikitofautiana chumba kimoja, soma boksi: kila boksi lina namba ya bechi na ya rangi. Duka likikuletea bechi mbili bila kukwambia, una la kusema. Fundi aliyeona tofauti hiyo akaendelea kubandika naye ana la kujibu, na wewe pia kama ulikuwa umesimama pale ukitazama.

*Mabati.* Kutu ikianzia kwenye mashimo ya misumari au kwenye kingo zilizokatwa, mwulize fundi alikata na nini. Grainda hurusha chembe za moto zinazounguza rangi na kushika kutu, ndiyo maana mabati ya rangi hukatwa kwa mkasi. Mabati yaliyolundikwa yakiwa na unyevu kabla ya kupauliwa hutoka madoa meupe, na hilo ni la aliyeyahifadhi. Ila rangi ikibanduka katikati ya bati ambako hakuna msumari wala mkato, au kutu ikitapakaa bati zima, elekea dukani.

Halafu kuna geji, na hapa nitasema wazi kwamba hii ndiyo hila inayoudhi kuliko zote, kwa sababu haionekani kwa macho. Namba ya geji inapopanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Ukilipia 28 ukapewa 30, nyumba itaonekana sawasawa siku ya kuhamia. Kipande kilichobaki kikipimwa kwa maikromita kinamaliza ubishi kwa dakika moja. Risiti iliyoandika “mabati” tu, bila geji, inaurudisha ubishi huo huo.

*Rangi.* Ikitoka kama ngozi na nyuma yake kuna unga au maji, ukuta ulikuwa na vumbi au haujakauka. Plasta mpya inahitaji takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi, na wenye nyumba wengi wenye haraka ya kuingiza wapangaji hawaipi muda huo. Mkebe mmoja ukipauka ilhali mingine iliyopakwa siku hiyo hiyo, ukuta huo huo, iko sawa, una kesi.

*Simiti.* Nyufa ndogondogo kwenye plasta mara nyingi ni mchanga mwingi, maji mengi, au ukuta ambao haukumwagiliwa baada ya kupigwa. Mfuko wenyewe huandikwa 32.5 au 42.5. Wa 32.5 unafaa kujengea na kupiga plasta, na slabu kwa kawaida hutaka 42.5. Ukiuziwa 32.5 baada ya kusema unamwaga slabu, kasoro haiko kwenye simiti bali kwenye ushauri, na sheria inaishughulikia hiyo pia. Simiti iliyokaa stoo miezi mingi hupoteza nguvu, kwa hiyo tazama tarehe ya kutengenezwa.

*Mabomba.* Bomba la PPR likivuja kwenye kiungo, fundi hakuliyeyusha vizuri. Likipasuka katikati, mahali ambapo hapakuunganishwa, soma maandishi yaliyo juu yake: kiwango cha presha kipo pale. Linganisha na ulichoagiza.

*Waya.* Saizi na alama ya ubora huchapwa kwenye ganda. Kwaruza ncha: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikiwa ni nyeupe chini ya ngozi ya shaba, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa.

*Hita ya bafuni.* Wengi huku hutumia maji ya kisima. Kuna hita za maji ya kawaida na za maji yenye chumvi, na zinauzwa kando kwa kando kwenye rafu moja. Kama ulimwambia muuzaji maji yako ni ya chumvi akakupa isiyofaa, kosa ni lake. Kama hukumwambia, una kazi ngumu.

Dalili zikikushinda, tafuta mtu wa tatu. Fundi mwingine asiye na undugu na wa kwanza aandike nusu ukurasa, atie sahihi na tarehe. Kwa jambo zito kama saruji ya slabu au vyuma, tafuta maabara. KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, hupima sampuli kwa ada huko South C, Nairobi. Chuo cha JKUAT kiko hapo Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na kina idara ya uhandisi wa ujenzi. Kaulize kama wanaweza kukupimia na kwa bei gani. Linganisha ada ya kupima na kiasi unachodai kabla ya kulipa. Kwa hasara ya elfu tano, maikromita na picha zinatosha.

Umdai nani?

Duka lililokuuzia, kwanza. Mwenye hadwea atakwambia “sisi tunauza tu, nenda kwa kampuni.” Mwambie kwa heshima kwamba mapatano yako ni na yeye, na pesa zako ziliingia kwake. Yeye naye ana haki ya kudai kutoka kwa aliyemuuzia, lakini safari hiyo ni yake.

Waranti ya kampuni ni kitu cha ziada, haifuti wajibu wa duka. Itumie sambamba, ila soma masharti yake. Waranti nyingi za mabati na matangi zinataka kadi iliyojazwa siku ya kununua, au tangi likalishwe kwenye jukwaa lililo sawasawa. Tangi lililowekwa juu ya mbao tatu zenye nafasi katikati likipasuka, kampuni haitalipa, na kwa haki.

Kiwanda unaweza kukidai moja kwa moja kwa uzembe hata kama hukununua kwake. Msingi wake ni kesi ya Uskoti ya mwaka 1932, ya mama aliyekunywa soda ya tangawizi akapata mabaki ya konokono ndani ya chupa. Soda haikununuliwa na yeye, ilinunuliwa na rafiki yake, na mahakama ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Mahakama zetu zinaifuata kanuni hiyo. Lakini kuthibitisha uzembe wa kiwanda ni kazi kubwa kuliko kuthibitisha kwamba duka lilikuuzia bidhaa mbovu. Anza na lililo rahisi.

Fundi mdai yeye kama dalili zinamwelekea. Usipokuwa na hakika, washtaki wote wawili pamoja, duka na fundi, kila mmoja ajieleze mbele ya mwenzake.

Barua

Simu haitoshi. Nenda dukani mara moja, ongea kwa utulivu na mwenye duka au meneja, si na kijana wa kaunta. Asipolitatua ndani ya siku chache, andika. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili. Iwe fupi:

“Kwa meneja. Tarehe (…) nilinunua kwenu boksi 30 za taili (aina, saizi, bechi) kwa KSh 45,000, risiti namba (…). Zilibandikwa tarehe (…). Tarehe (…) niliona kwamba uso wake unachubuka. Picha nimeambatisha, na boksi moja ambalo halijafunguliwa ninalo. Bidhaa hizi hazina ubora unaotakiwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji. Nawaomba mje kukagua kabla ya tarehe (…). Nadai KSh (…) kama hesabu iliyoambatishwa inavyoonyesha, ilipwe ndani ya siku 14. Msipofanya hivyo nitapeleka dai langu mahakamani.”

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi na aliyeipokea. Wakikataa kutia sahihi, itume kwa barua pepe na WhatsApp, na upige picha ukiwa umeiweka kwenye kaunta. Usitukane ndani ya barua wala usimwite mtu mwizi. Hiyo barua ipo siku itasomwa na mwamuzi.

Wakisema wanakuja kukagua, wape nafasi. Kuwafungia geti ni kuwapa sababu ya kusema hawakupewa fursa. Awepo shahidi wako, na wasiondoke na mabaki yote. Wape kipande, ubaki na kipande.

Hesabu: zaidi ya bei ya taili

Duka likikubali kosa, kawaida hutoa taili mpya boksi kwa boksi na kushika mkono. Hesabu hasara yako kabla hujautoa wako. Chukua mfano wa sebule ya kukadiria:

- Taili boksi 30: KSh 45,000
- Gundi na grauti: KSh 7,000
- Ufundi wa kubandika: KSh 12,000
- Kung'oa na kutupa: KSh 8,000
- Usafiri: KSh 3,000

Jumla ni KSh 75,000. Ukipewa taili tu, umelipwa elfu 45 na umebaki na hasara ya elfu 30 ambayo hukuisababisha.

Ulaya walibishana juu ya jambo hili hili mpaka mahakama ya juu. Mjerumani mmoja alinunua taili kwa yuro 1,382.27, akagundua mikwaruzo kwenye uso wake thuluthi mbili zikiwa zimeshabandikwa. Kuzibadilisha zote kungegharimu yuro 5,830.57. Tarehe 16 Juni 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba muuzaji abebe pia gharama za kung'oa na kubandika upya, ingawa kiasi kinaweza kupunguzwa kisipite mipaka. Hukumu hiyo haimfungi mwamuzi wa Thika. Sheria yetu inafika karibu na hapo kwa njia yake: mwenye kukiuka ahadi ya ubora analipa hasara iliyotokana moja kwa moja na kasoro, na kung'oa taili mbovu hakuwezi kutengwa na ubovu wake.

Kosa la kuepuka: usidai mara mbili. Ama unadai kurudishwa ulipokuwa (bei uliyolipa, ufundi uliopotea, gharama ya kung'oa), ama unadai gharama ya kufanya upya. Ukijumlisha zote, mwamuzi ataanza kulitilia shaka hata lile la kweli. Kodi uliyoikosa kwa sababu nyumba haikupangishwa inaweza kuingia, lakini uwe na ushahidi, si makisio.

Ukipewa karatasi utie sahihi kwamba umepokea “malipo kamili na ya mwisho,” soma kwanza. Kama umepewa taili pekee, andika kwa mkono wako kabla ya sahihi: “Nimepokea boksi 30 za taili tu, gharama nyingine bado zinadaiwa.” Wakikataa maneno hayo, usitie sahihi.

Wakikujibu hivi

*“Mali ikishauzwa hairudishwi, soma ukutani.”* Kibao hicho kipo karibu kila duka kando ya barabara ya Garissa. Kinaweza kukuzuia kurudisha kitu kizima kwa sababu umebadilisha mawazo. Hakiwezi kufuta ubora uliowekwa na sheria. Sheria ya mwaka 2012 inasema sharti la namna hiyo dhidi ya mtumiaji ni batili.

*“Huna risiti.”* Risiti ni ushahidi mmojawapo. Ujumbe wa Lipa na M-Pesa una jina la duka, kiasi na tarehe, na ukiufuta unaweza kuchukua taarifa ya miamala yako kutoka Safaricom. Dilivari noti, picha ya pikapu ikishusha mali, fundi aliyekuwepo: vyote ni ushahidi. Ila nunua ukidai risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mfumo wa ushuru.

*“Fundi wako ndiye aliyenunua.”* Sheria ya mwaka 2012 haimtazami mnunuzi peke yake. Anayeitumia bidhaa naye ni mtumiaji, hata kama hakuwa kwenye mapatano. Lakini utamhitaji fundi aje kusema alinunua wapi na kwa nani, na fundi aliyepata bakshishi dukani hatasema kwa furaha. Nunua mwenyewe, au lipa mwenyewe kwa simu yako.

*“Ulikagua kabla ya kuchukua.”* Hili lina nguvu. Kasoro ambayo ungeiona kwa kutazama tu, na ulitazama, haitakusaidia. Iliyojificha inakusaidia.

*“Tulikwambia ni gredi ya pili.”* Kama kweli uliambiwa, ukapunguziwa bei kwa sababu hiyo, kasoro ile uliyoambiwa huwezi kuidai. Nyingine unaweza.

*“Uliomba kampuni fulani kwa jina.”* Ukiagiza kwa jina la kampuni bila kuomba ushauri, ni vigumu kumlaumu muuzaji kwamba bidhaa haikufaa kazi yako. Bado inapaswa kuwa nzima.

*“Imepita miezi minane.”* Kudai juu ya mapatano kuna miaka 6. Kudai kiwanda kwa uzembe kuna miaka 3. Hata hivyo usikae. Kadiri unavyochelewa ndivyo matumizi yako yanavyosingiziwa.

Barua isipojibiwa: ofisi za kuendea

- KEBS, kwa bidhaa zisizo na alama ya ubora au zenye alama ya uongo. Simu ya bila malipo ni 1545. Namba iliyo chini ya alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023.
- Mamlaka ya kukabiliana na bidhaa ghushi, kama mtu ameiga jina la kampuni nyingine. Hapa kampuni yenyewe iliyoigwa huwa rafiki yako, ipigie simu.
- Maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti ya Kiambu, kama ulipunjwa urefu, uzito au ujazo: roli ya waya ya mita 90 isiyofika, mfuko wa kilo 50 uliopungua.
- CAK, mamlaka ya ushindani, kwa maelezo ya uongo yanayorudiwa kwa wateja wengi.

Ofisi hizi zinaweza kukamata bidhaa na kumwadhibu muuzaji, na ripoti yao ni silaha nzuri. Lakini usizisubiri zikulipe hasara yako. Pesa zako zinatafutwa kwa maelewano au mahakamani.

Mahakama ya Madai Madogo

Watu huogopa neno mahakama kwa sababu wanafikiria wakili na miaka mitano. Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ili kuepusha hayo. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na huduma. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, ingawa foleni ikiwa ndefu siku huvutika. Huhitaji wakili, unaweza kusema kwa Kiswahili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Ipo Thika. Msomaji wa Ruiru aulize kwanza kwenye sajili ya mahakama ya Ruiru.

Utakavyofanya:

1. Panga faili kwa tarehe: risiti, picha, barua ya madai, jibu lao kama lipo, maoni ya fundi wa pili, hesabu.
2. Pata jina kamili la kisheria la mwenye duka. Hapa wengi hukwama. “Hadwea ya pale roundabauti” haishtakiwi. Tazama risiti ya eTIMS, leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, au tafuta kwenye rekodi za usajili wa biashara kupitia eCitizen.
3. Wasilisha dai kwa mfumo wa mtandaoni wa mahakama. Saiba yoyote karibu na mahakama inajua kazi hiyo. Hakikisha unasoma walichoandika kabla ya kulipa ada.
4. Mpelekee mdaiwa hati na uweke ushahidi kwamba amezipata.
5. Mwambie fundi wako tarehe ya kusikilizwa mapema, na umlipe siku yake ya kazi. Fundi aliyepata kibarua Kitengela hatakuja kwa mapenzi.

Usigawanye dai moja vipande viwili ili lipite chini ya milioni. Likizidi, linaenda kwa hakimu wa kawaida.

Siku ya kusikilizwa nenda na kile kipande cha bati au ile taili isiyobandikwa. Maneno ya kuhusu kuchubuka yanabishiwa. Taili iliyo mezani inaguswa.

Mara nyingi duka hutaka maelewano likishapokea hati za mahakama. Sikiliza. Elfu 60 leo zinaweza kuwa bora kuliko elfu 75 baada ya dalali wa mahakama. Mkikubaliana, maelewano yaandikwe na yawasilishwe mahakamani yawe amri, maana ahadi ya mdomo ikivunjwa utaanza upya. Wakiomba kulipa kwa awamu, kila awamu iwe na tarehe, na iandikwe kwamba wakikosa moja, deni lote linadaiwa mara moja.

Ukipata hukumu na duka lisilipe, omba mahakama itekeleze kupitia dalali wa mahakama. Kwa duka lenye mali kwenye rafu hili hufanya kazi. Kwa fundi asiye na chochote isipokuwa mwiko na ndoo, fikiri kabla hujatumia pesa nyingine.

Hukumu au malipo yakishaingia, hapo ndipo unaweza kung'oa. Hifadhi taili mbili za zamani na faili mpaka muda wa rufaa upite.